Tulia Nikuone

Kama kuna mtu ambaye hakufaa hata kidogo kupewa kazi ya kuwakalisha wenzake kimya, basi ni binti wa kinyozi. Tangu ajue kutembea hajakaa. Nyumbani walimwita Kiguu, kifupi cha kiguu na njia, na jina likamganda mpaka ukubwani. Chakula anakula amesimama. Simu anaongea huku akiipima sebule kwa hatua. Baba yake alikuwa akiwasimulia wateja kwamba kumnyoa huyu mtoto alipokuwa mdogo ilikuwa sawa na kumnyonyoa kuku aliye hai, na kwamba ni yeye peke yake aliyewahi kumfanya aweke wembe mezani na kutoka nje kupunga upepo.

Mtu huyohuyo, alipokua, akaenda kujichagulia kazi ya kupiga picha za kizamani. Si za simu, wala za karatasi. Ni zile za kioo, zinazopigwa kwa kamera ya mbao yenye mfuko wa ngozi unaokunjuka, ambapo anayepigwa hutakiwa akae kama kinyago huku mpiga picha akihesabu kwa sauti. Ukipepesa macho si neno, kioo kitakusamehe. Ukigeuza shingo, umejifuta mwenyewe. Kwa hiyo Kiguu asiyekaa alishinda kutwa akiwaamuru watu wazima wakae, nao wakamtii, na wala hakuona kichekesho chochote.

Ila ukweli usemwe, kazi ile ilimfaa kwa upande mmoja. Kioo kinamwagiwa dawa nzito inayonata, kinainamishwa kona hadi kona, kinazamishwa kwenye maji yenye madini ya fedha ndani ya chumba cha giza, kisha ni lazima kipigwe picha na kuoshwa kabla hakijakauka. Kikikauka, kwisha habari yake. Hapo mtu anakimbia, anafunga mlango kwa kisigino, anashika hiki anaacha kile, na kwa kukimbia Kiguu hana mpinzani. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa ile fedha, doa lisilosikia sabuni, na mama yake alishachoka kumwambia avae glavu.

Maonyesho yake aliyapa jina Tulia Nikuone. Maneno hayo aliyaiba dukani kwa baba yake. Ndiyo aliyokuwa akimwambia kila mteja kabla wembe haujagusa kidevu: tulia nikuone. Ukumbi ulikuwa ghala la zamani lililopakwa chokaa, lenye madirisha makubwa yanayomwaga mwanga sakafuni, na kuta zake zilikwisha kujaa watu wa kazi za mikono, kila mmoja ndani ya kioo chake: mshona viatu, muuza samaki, mlinzi, fundi cherehani. Raha ya picha hizo ni kwamba dawa ile haioni rangi kama tuzionavyo sisi. Nyekundu inaiona nyeusi. Buluu inaiona nyeupe. Sare ya buluu ya mlinzi ilitoka nyeupe pepepe, akajiona daktari, akacheka mpaka akakaa chini. Mshona viatu alikuta usoni mwake madoa ya jua ambayo hata mkewe wa miaka yote hakuwahi kuyaona, na tangu siku hiyo akawa anavaa kofia.

"Jicho linaona linachotaka," Kiguu aliwaambia watu. "Kioo kinaona kilichopo."

Aliipenda sana sentensi hiyo. Aliisema kwa msimamizi wa ukumbi, akaisema redioni, akaisema hata kwa fundi umeme aliyekuja kubadilisha taa na ambaye hakuwa ameuliza kitu.

Ulibaki ukuta mmoja mtupu, ule wa mbele unaokupokea ukiingia tu mlangoni. Huo ulikuwa wa baba yake. Kiguu alikuwa ameiona picha hiyo kichwani kabla hajajua hata kumwaga dawa: kinyozi amekaa kwenye kiti chake mwenyewe, wembe mkononi, kila unywele wa nyusi zake ukihesabika, na makali ya wembe yaking'aa. Baba yake alikuwa na sifa mji mzima. Watu walisinzia chini ya wembe wake. Kuna bwana mmoja, tarishi mstaafu ambaye wote walimwita Posta, alikuwa akikoroma kabisa, na kinyozi alimnyoa huku akimfuata kichwa kinavyopanda na kushuka, bila kutoa hata tone la damu. Ukuta wa mbele bila picha hiyo, Kiguu aliona, ni bora maonyesho yasifunguliwe.

Kiti kilikuwapo tayari pale ukumbini. Kilikuwa kile cha dukani, cha chuma na ngozi, kizito, chenye egemeo la kichwa linalopanda na kushuka kwa komeo. Egemeo lile lilikamata kisogo cha mtu barabara, na waliopigwa picha wote walikaa humo. Kiguu alipokwenda kukiomba, alikuwa amejiandaa kubembeleza wiki nzima. Baba yake alisema, "Chukua tu." Akachukua. Kinyozi gani anatoa kiti chake? Swali hilo lingemjia mtu yeyote anayeweza kukaa dakika tano na kufikiri. Kiguu alikuwa ameshaita watu wa kukibeba.

Siku ya kwanza baba yake alikuja ukumbini na koti lake la heshima, mkono wa kulia mfukoni. Akakizunguka kiti kana kwamba ni cha mtu mwingine.

"Miaka yote nimesimama nyuma yake," alisema. "Sijui hata kinakaliwaje."

"Kinakaliwa kwa matako, Baba. Kaa, dawa inakauka."

Akakaa. Akaegemeza kichwa, akaushika wembe wazi mbele ya kifua. Kiguu akatoa kifuniko cha lenzi, akahesabu, akafunika, akapotelea chumba cha giza. Alipotoka na kioo kwenye beseni la dawa ya mwisho, ile inayoondoa ukungu wa maziwa na kuacha sura, uso wa baba yake ulipanda juu taratibu, kila kunyanzi mahali pake. Na penye mkono palikuwa na wingu. Si mkono uliopotea kabisa, ila moshi wenye umbo la mkono, na ndani yake mstari mweupe uliokuwa wembe.

"Mkono umechoka kukaa hewani," Kiguu alisema. "Si kosa lako. Tutaulaza kwenye egemeo la mkono la kiti."

"Haya," baba yake alisema. "Rudia."

Wakiongea hivyo, Kiguu alikuwa tayari amekamata kitambaa chenye unga wa chaki, anakisugua kioo. Vioo hivyo vina bei, havitupwi. Picha ikiharibika unaisugua, kioo kinarudi kuwa kitupu kama vile hakuna aliyewahi kukaa. Baba yake alikitazama kitambaa kikizunguka, kikizunguka, mpaka uso wake wote ukaondoka.

Wewe unayesoma pengine umeshaona. Yeye mwenye macho ya kusifiwa hakuona, na wala si kwa ujinga. Mtu wa kazi yake anajua makosa mengi mno ya kazi yake. Alipoulaza mkono kwenye egemeo na wingu likatokea tena, alisema ni malori ya barabarani yanatikisa sakafu, akakihamisha kiti kwenda kona ya pili. Alipokihamisha na wingu likaja, alisema ni wembe unang'aa kupita kiasi na kutawanya mwanga, akamwambia aufunge. Wembe ukafungwa, wingu likaja. Basi ni dawa, imezeeka. Akachanganya nyingine, akilaani chupa, akilaani joto, akimlaani aliyemuuzia. Halafu kulikuwa na vile vidoa vyeusi kwenye kidevu cha baba yake, kimoja leo, viwili keshokutwa, vikihamahama.

"Uchafu," Kiguu alisema, akayachuja maji ya fedha kwa pamba, mara mbili. "Maji yamechafuka."

Aliyekuwa amewaambia watu redioni kwamba nyekundu kwenye kioo inatoka nyeusi, alichuja maji.

Na kila mara baba yake alisema, "Rudia, mwanangu." Kila mara alirudi, koti lilelile, mkono mfukoni. Hakuwahi kulalamika. Mtu mwingine angejiuliza ni wapi mwenye duka anapata nafasi ya kushinda kwa bintiye asubuhi zote hizo.

Nyumbani mambo yalikuwa hivyohivyo. Mama yake alimwita jikoni jioni moja, akafuta stuli kwa kanga yake. "Kiguu, kaa kidogo nikuambie jambo."

"Niambie tu, Mama, nasikia." Alikuwa mlangoni, kiatu kimoja mguuni.

"Kaa kwanza."

"Mama, msimamizi ananisubiri, ufunguzi ni Jumamosi, ukuta mtupu, sina hata pa kuweka kichwa. Kesho, sawa?"

Mama yake akamtazama, akarudisha stuli chini ya meza. Kesho ikaja na mambo yake.

Msimamizi wa ukumbi naye alikuwa amemkalia kooni. Alikuwa bwana mpole, mwenye shati lililonyooshwa hata mikunjo yake ina mikunjo, lakini upole wake ulikuwa wa kumpandisha mtu presha. Alikuwa akiingia kwa kunyata, anautazama ukuta wa mbele, anapumua, anatoka. Ilipobaki siku moja alivunja ukimya.

"Dada, tukiweka hata ile ya mlinzi pale?"

"Pale ni pa baba yangu."

"Najua. Lakini baba hajatokea."

"Atatokea leo," Kiguu alisema, ingawa hakujua kwa vipi. Usiku uliopita hakuwa amelala. Alikuwa amepitia kila kitu, kamera, dawa, sakafu, na hapakuwa tena na cha kulaumu. Kilichobaki ni njia ya wapiga picha wa zamani, ambao mtoto akiwasumbua walimfunga kwenye kiti kwa utepe na kuufunika utepe kwa nguo.

Baba yake alipofika, hakumpa hata nafasi ya kuvua kofia.

"Baba, leo nitakufunga."

"Nifunge," alisema.

Kiguu akachana kitambaa cheusi, akapiga goti mbele ya kiti. Akauchukua mkono wa baba yake kutoka mfukoni, kwa sababu mwenyewe alikuwa amechelewa kuutoa, akaulaza kwenye egemeo, akaanza kuuzungushia kitambaa. Pengine miezi mingi ilikuwa imepita bila kuushika. Salamu zao zilikuwa za kupitana mlangoni. Na chini ya vidole vyake vyeusi mkono ule ulikuwa unakwenda. Ulikwenda polepole, bila kukoma, kidole gumba kikisuguana na cha kwanza kama mtu anayepukuchua mahindi. Akaubana kidogo. Ukatulia. Akalegeza. Ukaanza tena.

"Baba, unahisi baridi?"

"Sihisi."

"Hujala?"

"Nimekula."

"Basi utulize kidogo, Baba. Kidogo tu."

"Ningekuwa naweza," baba yake alisema, "ningekuja hapa siku zote hizi?"

Kiguu alibaki pale chini. Kila kitu ndani yake kilitaka kusimama, kitoke, kikakoroge dawa, kikapige simu, kikaoshe beseni lililo safi. Lakini ncha moja ya kitambaa ilikuwa imefungwa kwenye mkono wa baba yake na ya pili alikuwa ameishika yeye.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla hujachukua kiti. Hospitali nimekwenda, na Mama yako. Wana jina lao refu. Vidonge natumia. Wamesema haitaniua. Itaniharibia kazi tu." Alicheka kidogo, kicheko kisicho na mtu ndani. "Wembe nimeuacha. Nawanyoa kwa mashine. Nawaambia wembe umepitwa na wakati. Mimi! Na Posta maskini anakuja kila Ijumaa, ananiuliza, leo je? Namwambia mashine ndiyo mtindo. Anaondoka ameinama, anadhani amenikosea."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie saa ngapi?" Haikuwa kwa hasira, na hapo ndipo palipouma. "Mama yako alikuita ukae. Ulikaa? Mimi nilikuja hadi kwako, siku ile umeninunulia viatu. Ukaniacha na boksi mlangoni. Nikajiuliza, huyu mtoto anatazama nini? Anatazama kioo chake. Basi nitakwenda kukaa mbele ya hicho kioo, kimwambie kwa niaba yangu, maana mimi mwenyewe naona haya. Na kilikuambia, mwanangu. Kila siku kilikuambia, ukakisugua."

Kiguu akalia. Alilia vibaya, kwa kwikwi, kipaji cha uso kwenye goti la baba yake, na alikuwa na hasira vilevile, na baba yake, na mama yake, na yeye mwenyewe kuliko wote. Aliviona vioo vyote alivyovisugua, kimoja kimoja, na kitambaa cha chaki kikizunguka mbele ya macho ya yule mzee ambaye alisema tu, rudia.

"Na vile vidoa kidevuni?" aliuliza hatimaye, huku akifuta kamasi kwa kiganja.

"Mama yako hivyo. Ananinyoa yeye." Baba yake akashusha sauti, kana kwamba mkewe yuko nyuma ya pazia. "Mapenzi anayo. Mkono hana. Nimechanjwa kuliko ubao wa kukatia nyama."

Kiguu akacheka katikati ya kilio, akapaliwa. Alipotulia aliifungua ile ncha, akakiondoa kitambaa chote, akakitupa.

"Kaa hivyo hivyo, Baba. Bila kukufunga."

Akaenda kutayarisha kioo, na safari hii hakufunga mlango kwa kisigino. Wembe aliuacha wazi juu ya paja la baba yake, mahali unapoonekana, na mkono juu ya egemeo, mtupu. Akatoa kifuniko. Akahesabu polepole kuliko kawaida yake, na kwa mara ya kwanza tangu waanze hakuitazama saa, wala dirisha, wala mlango. Alimtazama baba yake, na baba yake akaitazama lenzi.

Kioo kilipotoka kwenye dawa ya mwisho, walikiinamia wote wawili. Uso ulikuwa safi. Wembe ulikuwa safi, makali yake mstari mwembamba mweupe. Vifungo vya koti, misumari ya ngozi ya kiti, kila kitu kimekaa. Na pale pembeni mkono ulikuwa unakwenda, umekwenda muda wote ule, na kioo kikauandika mwendo wake wote kwa pamoja.

Ndipo Kiguu alipofanya jambo ambalo hata yeye hakulitarajia. Mkono wake ulikwenda kwenye kitambaa cha chaki. Si kwa haraka sasa. Aliufikiria mji mzima umesimama mbele ya ukuta ule, Posta na wenzake, vijana wa maduka mengine ya kunyoa, na wote wanaondoka na habari moja mdomoni: mkono wa mzee umekwisha. Jumatatu dukani pangekaliwa na inzi.

"Nitasema kioo kimevunjika," alisema. "Ukuta utawekwa mlinzi. Hakuna atakayejua."

Baba yake akaweka kiganja chake, kile kinachotetemeka, juu ya kitambaa.

"Hiki usikisugue."

"Baba, wataacha kuja."

"Wa wembe wataacha. Walishaacha, hawajui tu kwa nini. Wa mashine watakaa." Alivuta pumzi. "Nimechoka, mwanangu. Mfuko wa koti hili umetoboka kwa kuficha mkono. Nimewaambia watu watulie maisha yangu yote. Wacha waone mtu asiyeweza."

Kiguu alitaka kubishana, na alikuwa na hoja tano. Badala yake akakiweka kitambaa kando.

Jumamosi ilifika na jua la kutosha. Picha ilikuwa ukutani, na chini yake kiti chenyewe, kwa sababu msimamizi alipenda wageni wakione. Alikuwa pia ameandika karatasi ndefu ya kubandika pembeni, yenye maneno kama dhana ya mtazamo na falsafa ya utulivu. Kiguu aliisoma yote, akamshukuru, akaikunja, akaiweka mfukoni mwake.

Baba yake aliingia kwa mlango wa nyuma akiwa na ndevu. Nyeupe, fupi, zimechipua kidevu kizima. Kiguu hakuwahi kumwona nazo maishani mwake.

"Nimemkatalia Mama yako," alisema. "Nimemwambia leo siwezi kuonekana nimetoka vitani. Amenuna, yuko nje na wageni, utamwomba radhi kwa niaba yangu." Akakaa kwenye kiti, chini ya picha yake, akatoa kotini mfuko wake wa kazi: brashi, sabuni, wembe. Akamnyooshea Kiguu wembe, mpini mbele. "Haya."

"Mimi?"

"Unaona mwingine?"

"Baba, mimi siwezi hata kumenya kitunguu nikamaliza."

"Nitakuelekeza. Paka povu."

Akapaka povu. Nje sauti za watu zilikuwa zinaongezeka, viatu kwenye ngazi, kicheko, mtu anasema wamechelewa kufungua. Kiguu aliushika wembe, na goti lake likaanza ule mchezo wake wa siku zote, linapigapiga, kama kila anapotakiwa kusimama mahali pamoja. Wembe ukaupata mtikisiko ule kutoka gotini, ncha yake ikacheza juu ya povu. Akaona. Akauondoa haraka.

"Ngozi ivute kwa kidole," baba yake alisema, macho amefumba. "Chini ya sikio ndiyo mwanzo. Usibonyeze. Wembe unajua kazi, wewe uubebe tu."

Mlango ukagongwa. "Dada," ilikuwa sauti ya msimamizi, ya upole wake wa kupandisha presha, "watu wamejaa. Saa imepita."

Siku nyingine yoyote Kiguu angekuwa amefika mlangoni kabla mwenzake hajamaliza neno.

"Wasubiri," alisema, bila kugeuka.

Mkono wa baba yake ulikuwa kwenye egemeo, unakwenda, pete ikigonga chuma kwa mdundo mwepesi. Kiguu hakuutuliza. Alivuta ngozi kwa kidole chake cheusi, akauweka wembe chini ya sikio.

"Tulia nikuone," baba yake alisema, kwa mazoea, kisha akafumbua jicho moja, akatambua ni nani anamnyoa nani, na povu likamcheza mdomoni kwa kicheko.

"Nimetulia, Baba."

Na alikuwa ametulia. Goti lilikuwa limenyamaza, sijui saa ngapi. Wembe ukashuka shavuni na sauti ile kavu aliyokulia nayo, ukafika taya, ukazunguka kidevu, akaufuta, akarudia upande wa pili. Alichukua muda wake wote. Mlango uligongwa tena, na tena, kisha wakakata tamaa. Alipomaliza alimfuta kwa taulo ya maji ya moto na kumkagua kwa karibu, kila inchi, kama alivyokagua vioo. Hakukuwa na doa jekundu hata moja.

Baba yake akajipapasa kidevu. Akaguna, na kwa kinyozi yule mguno ulikuwa sifa kubwa. Akakaa wima, akarekebisha kola. Kupitia kioo cha mlango walimwona Posta yuko mbele ya wote, amejibana kwenye kioo hicho, kidevu chake kimeota vinywele vilivyoachwa na mashine, anachungulia ndani kwa kiganja juu ya macho.

Mkono wa kinyozi, kwa mazoea, ukaingia mfukoni.

Ukakaa humo kidogo. Kiguu alikuwa ameshafika kwenye komeo la mlango, akasimama, akamngoja, wala hakumharakisha.

Baba yake akautoa. Akaulaza kwenye egemeo la kiti, palepale ulipokuwa pichani, akauacha uende.

"Haya," akasema. "Fungua."